Bei ya Hewa

Bi Mize Makame ametoka Mtende alfajiri
na maboksi manne, kamba ya usumba, na risiti ya rangi.
Ofisi yetu Malindi ni chumba kimoja na feni;
mizani iko mlangoni, tepu iko shingoni kwangu
kama ya fundi cherehani.

Kawa mia na ishirini,
za ukili uliotiwa zambarau na manjano,
zinakwenda Hamburg kwa mtu asiye na cha kufunika.
Atazitoboa juu, atazitundika, atatia taa ndani.
"Mungu awape nuru," anasema Bi Mize,
"sisi tulikuwa tunazuia nzi."

Napima. Mizani: kilo tisa kila boksi.
Napima tena, kwa tepu: sitini, sitini, sitini.
Zidisha, gawa kwa elfu sita,
ndege inasema thelathini na sita.
"Mwanangu, tisa imezaa wapi thelathini na sita?"
Namwambia: ndege haiuzi nguvu, inauza nafasi.
Ndani ya kila kawa mna hewa,
na hewa hiyo inakaa kitini, imefunga mkanda.
Anacheka mpaka anashika mlango.
"Miaka hamsini nasuka,
sijamtoza mtu pale katikati."

Basi, meli.
Meli haiulizi uzito wa ukili.
Bei yake ni mita moja ya ujazo;
hata ukileta kiberiti, utalipa mita.
Dola tisini na tano, na makaratasi arubaini.
Inapita Dar, inalala Salalah, inashusha, inapakia,
inapanda Bahari ya Shamu ikijaaliwa:
siku hamsini, wewe sema sitini.
Na kontena lina jasho lake.
Ukili ukilinyonya huota ukungu,
zambarau ikaingia nyumba ya manjano.

"Kawia ufike," nasema, karani hodari wa kufariji.
Ananitazama.
"Hiki nilichokuletea kinaitwaje?"
Kawa.
"Na kukawa ni nini?"
Ni kuchelewa, bibi.
"Mie nimeuza kawa, sikuuza kukawa.
Mzungu analipa akishapokea.
Aliyenikopesha rangi hakai Salalah."

Nikapiga hesabu ya ndege kwa maboksi yote:
kilo mia na arubaini na nne, mara dola tano.
Nikaigeuza karatasi kifudifudi.
Kuna nambari hazisomwi kwa sauti.

Hakuigusa. Akakata kamba.
Kila kawa ilikuwa peke yake ndani ya gazeti;
ndivyo mteja alivyoagiza, moja moja, zisibanane.
Akazivua magazeti. Akavika kawa juu ya kawa,
akizikemea kidogo zile zenye pindo pana.
Mnara ukasimama. Wa pili. Wa tatu.
Maboksi matatu yakabaki kando,
yamejaa ile hewa tuliyokuwa tunaigombania.

Napima. Mizani: thelathini na sita.
Tepu: thelathini na sita.
Miaka kumi na minane nipo mlango huu
sijavisikia vyombo hivi viwili vikisema neno moja.
Na sasa bahari ndiyo inayodai kulipwa utupu,
mita nzima kwa kijiboksi kimoja.
Ndege dola mia na themanini, meli mia na thelathini na tano.
Arubaini na tano hiyo ni bei ya kutongoja.

"Ndege," akasema. "Na mteja akiuliza mbona zimebanana,
mwambie zimelala kindugu."

Moja ikabaki.
Kaisuka mjukuu wake Raya, ya kwanza mkononi mwake,
imepinda upande, haikubali kuvika wala kuvikwa.
Bi Mize akaifunikia sahani yangu ya muhogo,
akatoka na maboksi matatu matupu kichwani,
mepesi, kwa mizani yoyote ile.

Saa nane ndege ikapita juu ya bati.
Nzi akaja, akaizunguka kawa,
akatafuta pale ilipopinda,
akaenda zake.